Seiko, Akina au "Plastic Love": uanzie wapi na nyimbo za Japani za miaka ya 1980?

Siku hizi anayeanza kusikiliza nyimbo za zamani za Japani huwa hajazitafuta; zimemtafuta yeye. Yuko YouTube anasikiliza mambo yake, wimbo unaisha, na unaofuata ni "Plastic Love" wa Mariya Takeuchi, pamoja na ile picha nyeusi na nyeupe ya msichana mwenye tabasamu. Usiku huo halali mapema. Ni mlango mzuri, wala simlaumu aliyeingilia hapo. Ila akikomea hapo, atakuwa ameijua miaka ya 1980 ya Japani jinsi inavyokumbukwa na watu ambao hawakuwepo. Kwa Mjapani aliyekuwa shuleni wakati ule, miaka hiyo ina sura mbili nyingine: Seiko Matsuda na Akina Nakamori.

Njia hizi mbili hazikufikishi mahali pamoja. Moja ni ya nyimbo zilizoimbwa na taifa zima mbele ya televisheni, zikaingia kwenye karaoke na hazijatoka humo mpaka leo. Nyingine ni ya nyimbo ambazo baadhi yake zilipita kimya zilipotoka, zikaja kupendwa na dunia zaidi ya miaka thelathini baadaye. Nitazilinganisha mbilimbili, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: mwenye jioni moja tu ya kutumia, mimi humwelekeza kwa Akina.

Lugha isikutishe. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi inayoishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano zilezile. Sikiliza kiitikio mara chache, utajikuta unakiimba bila ulimi kukwama, hata kama maana huijui.

Seiko au Akina

Ili kuwaelewa wawili hawa, kifahamu kwanza kipindi cha The Best Ten. Kilirushwa na televisheni ya TBS kila Alhamisi usiku, tangu Januari 1978 hadi Septemba 1989, na nyimbo kumi zinazoongoza ziliimbwa moja kwa moja, okestra ikiwa studioni. Aliyekuwa safarini hakupata udhuru, kwa kuwa kamera zilimfuata alipo. Mwaka 1980 Seiko alishuka kwenye ndege uwanja wa Haneda na kuimba "Aoi Sangosho" palepale, ndege ikiwa nyuma yake. Mmoja wa watangazaji wawili wa kipindi hicho alikuwa Tetsuko Kuroyanagi, yule aliyeteuliwa balozi mwema wa UNICEF mwaka 1984 na safari yake ya kwanza kwa kazi hiyo ikawa Tanzania. Nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya jukwaa kama hilo zina umbo lake: ni fupi, zinanasa tangu sekunde za mwanzo, na kiitikio chake hata mtoto anayesikiliza kutoka chumba cha pili anakidaka.

Waimbaji wa aina hii, vijana waliolelewa na televisheni, Wajapani huwaita aidoru. Wapo wanaolidharau kundi zima, wakidhani ni sura nzuri na sauti hafifu. Seiko na Akina wanatosha kuwanyamazisha.

Seiko alizaliwa Kurume, kusini mwa Japani, mwaka 1962, na singo yake ya kwanza ilitoka Aprili 1980. Ya pili, hiyo "Aoi Sangosho", haibishi hodi: inaanzia kwenye kiitikio, sauti ikiwa tayari iko juu, safi, imefunguka. Kuanzia singo ya tatu, singo zake 24 mfululizo zilishika namba moja kwenye Oricon, chati kuu ya mauzo ya muziki Japani, mpaka mwaka 1988. Wasichana walikwenda saluni kukata nywele kama zake, na mkato ule ukaitwa kwa jina lake.

Lakini siri ya Seiko haiko kooni peke yake. Takashi Matsumoto, aliyekuwa mpiga drams wa Happy End, bendi ya roki iliyovunjika mapema miaka ya 1970, alianza kumwandikia maneno mwaka 1981. Akawaleta wenzake. Eiichi Ohtaki alimtungia "Kaze Tachinu". Haruomi Hosono, ambaye wakati huo alikuwa kwenye bendi ya Yellow Magic Orchestra, akamtungia "Tengoku no Kiss". Yumi Matsutoya, mwimbaji mkubwa kwa haki yake mwenyewe, akajificha nyuma ya jina la Karuho Kureta na kumtungia "Akai Sweet Pea", Januari 1982. Kwa maoni yangu huo ndio wimbo bora wa Seiko. Msichana yuko na kijana mpole kupita kiasi: nusu mwaka tangu wajuane, hata mkono wake hajaushika. Basi. Hakuna ugomvi, hakuna kuachana, hakuna machozi ya kumwagika. Seiko anauimba kwa sauti aliyoizuia kidogo, na kule kuzuia ndiko kunakoufanya wimbo usizeeke.

Kasoro yake nitaisema. Ukizisikiliza nyimbo za Seiko kumi kwa mpigo, utamu unazidi, hasa zile za mwaka 1980 ambapo sauti inasukumwa kwa nguvu zote tangu mwanzo hadi mwisho. Zisikilize mbili au tatu, kisha pumzika. "Sweet Memories" ya mwaka 1983, iliyotumika kwenye tangazo la bia ya Suntory lenye pengwini wa kuchorwa, ni ya kuhifadhi kwa ajili ya saa za usiku. Humo Seiko anashuka chini, anaimba kama mwimbaji wa klabu ya jazi, na waliodhani wanamjua walishangaa.

Akina ni habari nyingine. Alizaliwa mwaka 1965, akakulia Kiyose pembezoni mwa Tokyo, akatokea kwenye Star Tanjo!, kipindi cha televisheni cha kusaka vipaji. Singo ya kwanza, "Slow Motion", Mei 1982, ilikuwa laini na haikutikisa sana. Ya pili ndiyo iliyofungua mlango: "Shojo A", Julai mwaka uleule. Gitaa la umeme linakwaruza, na anayeimba ni msichana aliyekereka, asiyetaka kuchukuliwa kuwa mtoto mwema. Akina mwenyewe hakuutaka wimbo huo mwanzoni, na pengine ndiyo maana hasira yake haisikiki kuwa ya kuigiza. Miezi michache baadaye akatoa "Second Love", polepole, karibu na kunong'ona, na watu wakagundua kwamba msichana yuleyule ana nyuso mbili.

Kutoka hapo kila singo ilikuwa nchi mpya. "Kita Wing", Januari 1984, ni mwanamke anayepanda ndege ya usiku kumfuata mpenzi wake mbali. "Kazari ja Nai no yo Namida wa" ilitungwa na Yosui Inoue, mwimbaji mwenye maneno makali. "Mi Amore" ya mwaka 1985 ilitungwa na Naoya Matsuoka, mpiga kinanda wa jazi ya Kilatini, na inakupeleka moja kwa moja kwenye kanivali ya Rio. "Desire" ikafuata mwaka 1986. Kwa "Mi Amore" Akina alipata Tuzo ya Rekodi ya Japani, na kwa "Desire" akaipata tena mwaka uliofuata. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuichukua miaka miwili mfululizo. "Desire" usiisikilize tu, itazame: kimono iliyokatwa upya, wigi jeusi la mkato mfupi, viatu virefu, na mwili unaopinda nyuma kwenye kiitikio. Mavazi na mwendo wa jukwaani alikuwa akiviamua mwenyewe, akiwa na umri wa miaka ishirini.

Sauti yake iko chini, na mwisho wa mstari huiachia itetemeke kwa muda mrefu. Masikio yaliyolelewa na taarab, yaliyozoea mwimbaji anayelishika neno la mwisho na kulitikisa mpaka ala zimsubiri, yatamtambua Akina papo hapo. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kumweka mbele kwa msikilizaji wa Kiswahili. Hahitaji kufafanuliwa. Huzuni yake inafika kabla ya maana.

Kwa hiyo, anayependa wimbo uliojengwa vizuri, ambaye husikiliza jinsi nyuzi zinavyoingia, wapi mtunzi amegeuza njia na nani kaandika maneno, Seiko atamlipa zaidi, kwani hakuna aidoru wa wakati ule aliyezungukwa na mafundi wa kiwango kile. Anayemfuata mwimbaji mwenyewe, anayetaka kumsikia mtu akibadilika kutoka miaka kumi na sita hadi utu uzima, achukue Akina. Aanze na "Second Love", aende "Kita Wing", amalizie na "Desire".

"Plastic Love" au "Mayonaka no Door"

Sasa tuingie kwenye ule upande uliopendwa na dunia, unaoitwa sitipopu: muziki wa mjini, wenye besi nene, kinanda cha umeme na harufu ya jazi na soul ya Marekani.

"Plastic Love" imo kwenye albamu ya Variety, Aprili 1984. Takeuchi, binti wa Izumo mkoani Shimane, alikuwa amepumzika kwa miaka kadhaa, na katika kipindi hicho, mwaka 1982, akaolewa na mwanamuziki Tatsuro Yamashita. Aliporudi, nyimbo zote za albamu alizitunga yeye, na mumewe akazipanga na kuzisimamia studioni. Albamu ilipanda mpaka namba moja. Singo ya "Plastic Love", iliyotolewa mwaka 1985, iliishia namba 86. Inapendeza kulijua hilo, kwa sababu linaonyesha jinsi chati zinavyoweza kupitwa na kitu kizuri.

Wimbo unamhusu mwanamke aliyeumizwa, ambaye sasa ameamua kwamba mapenzi ni mchezo, naye anaucheza usiku, kwenye disko. Mtu asiyejua maneno hudhani ni wimbo wa furaha. Jun Aoyama kwenye drams na Koki Ito kwenye besi hawana haraka yoyote. Wanashika mwendo mmoja na kuukalia. Juu yake Takeuchi anaimba bila kulia hata kidogo, na ule ubaridi ndio unaouma. Mwaka 2017 mtu fulani aliupakia YouTube, mashine za mapendekezo zikausukuma kwa mamilioni, na mwaka 2019 video rasmi ikatoka. Picha maarufu inayoambatana nao, iliyopigwa Los Angeles na Alan Levenson, si ya wimbo huu. Ilitumika kwanza kwa singo yake ya mwaka 1980, "Sweetest Music".

"Mayonaka no Door" wa Miki Matsubara ulitoka Novemba 1979, kwa hiyo kwa kalenda uko nje ya mwongo wetu kwa miezi miwili. Sitauacha kwa sababu hiyo. Matsubara alikuwa na miaka 19, mzaliwa wa mkoa wa Osaka, mama yake mwimbaji wa jazi, na hilo linasikika: anaingia kwenye mstari akiwa amechelewa kidogo kwa makusudi, anauvuta, anauachia. Mtunzi wa muziki ni Tetsuji Hayashi, na maneno ni ya Yoshiko Miura. Mwishoni mwa mwaka 2020, baada ya Rainych, mwimbaji wa Indonesia, kuurudia, wimbo huu ulilipuka tena na kushika namba moja kwenye orodha ya Spotify ya nyimbo zinazosambaa duniani. TikTok ilijaa vijana wanaowawekea mama zao wa Kijapani wimbo bila kuwaambia, kisha wanawarekodi wakishtuka, wakicheka, wakianza kuimba neno kwa neno. Matsubara hakuyaona hayo. Alifariki kwa saratani mwaka 2004, akiwa na miaka 44.

Kati ya hizi mbili, mimi naanza na "Mayonaka no Door". Inakushika mara ya kwanza, inafaa mbele ya watu, na sauti ndiyo inayoongoza. "Plastic Love" inataka subira na vipokea sauti vizuri. Ni wimbo wa mtu aliye peke yake, na hupanda thamani kadiri unavyorudiwa. Aliyekwisha ichoka "Plastic Love" kwa kuisikia kila mahali asikilize "September" ya Takeuchi huyohuyo, ya mwaka 1979, muziki wa Hayashi, maneno ya Matsumoto.

Na hapa ndipo mpaka kati ya aidoru na sitipopu unapofutika. Hayashi aliyetunga "Mayonaka no Door" ndiye aliyetunga "Kita Wing" ya Akina. Miura aliyeandika maneno ya Matsubara ndiye aliyeandika ya "Aoi Sangosho" ya Seiko. Ni mafundi walewale, mara nyingi studio zilezile za Tokyo, ila mwimbaji mmoja anapelekwa televisheni na mwingine anabaki kwenye santuri. Anayesema anapenda sitipopu lakini hataki kusikia aidoru anajinyima nusu ya kazi za watunzi anaowapenda.

Jambo jingine linalorudiwa sana ni kwamba huu ni muziki wa utajiri wa ghafla wa Japani, wa enzi ya bei za ardhi kupaa. Tarehe hazikubali. Bei zilianza kuruka baada ya makubaliano ya Plaza ya Septemba 1985, yaliyoipandisha thamani yen. Nyimbo nyingi zinazosifiwa leo zilikuwa zimekwisha rekodiwa. Zinabeba matumaini ya watu waliokuwa wakielekea kupata, na ndiyo maana hazina kiburi.

Albamu nzima: "A Long Vacation" au "For You"

Kwa anayetaka albamu ya kusikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, ziko mbili ambazo kila Mjapani mpenda muziki atakutajia.

"A Long Vacation" ya Eiichi Ohtaki ilitoka tarehe 21 Machi 1981. Jalada lake ni mchoro wa Hiroshi Nagai: bwawa la kuogelea, minazi, anga la buluu, hakuna mtu. Ohtaki alikuwa mwanafunzi wa dhati wa kazi za Phil Spector, mtayarishaji wa muziki wa Marekani, na humu alipanga ala nyingi zilie kwa pamoja mpaka zikawa ukuta mmoja wa sauti. Ilikusudiwa kutoka Julai 1980, siku ya kuzaliwa kwake. Ikachelewa kwa sababu Matsumoto, mwandishi wake wa maneno, alifiwa na dada yake na hakuweza kuandika. Alimwomba Ohtaki atafute mwingine. Ohtaki akakataa, akasubiri. Matsumoto amesimulia kwamba baada ya msiba ule alitembea Shibuya, mtaa wa Tokyo, na kuuona mji umepoteza rangi, na kutoka hapo ndipo yalipokuja maneno ya "Kimi wa Tennenshoku", wimbo wa kwanza wa albamu, unaomwomba mtu aliyeondoka arudishe rangi. Muziki wake ni mchangamfu kuliko yote humo. Ukishalijua hilo huwezi kuusikia kama zamani. Oktoba 1982, CD zilipoanza kuuzwa Japani, albamu hii ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa.

"For You" ya Yamashita, Januari 1982, haina msiba nyuma yake. Inafunguka kwa "Sparkle", gitaa lake mwenyewe likikata nyuzi kwa namna ambayo wapiga gitaa wanaiiga mpaka leo, na jua linatoka. Ni muziki wa kuendesha gari kuelekea baharini, kaseti ikizunguka. Yamashita alikwisha julikana kwa "Ride on Time" ya mwaka 1980, iliyotumika kwenye tangazo la kaseti za Maxell. Ukiwa kwenye moja ya magari yaliyotumika Japani yaliyojaa barabara za Dar es Salaam na Mombasa, ambayo redio zake huishia masafa ya 90, unganisha simu na uiweke hiyo. Ni muziki wa enzi ambayo gari na kaseti vilikuwa kitu kimoja.

Kwa uzito wa hisia nachagua Ohtaki. Kwa ufundi wa kupiga ala, bendi inavyojibana na kupumua pamoja, Yamashita hana mpinzani. Ila kuna jambo la kawaida kabisa linaloweza kukuamulia. Kazi za Ohtaki ziliwekwa kwenye huduma za kusikiliza kwa intaneti mwaka 2021, albamu ilipotimiza miaka 40, kwa hiyo unaipata "A Long Vacation" leo hii kwenye simu. Yamashita kwa miaka mingi amekataa kuziweka albamu zake huko, akashikilia santuri, kaseti na CD, na tangu mwaka 2023 zile za zamani zimechapwa upya kwa santuri na kaseti. Asiye na kifaa cha kuchezea aanze na Ohtaki, na ya Yamashita aionje kwa video rasmi ya "Sparkle" iliyoko YouTube.